Mhariri, tupeni Neno kwa sura, si kwa vipande

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo lililo moyoni mwangu kwa muda mrefu, nalo ni kukariri Maandiko Matakatifu. Nimesukumwa na mambo mawili. La kwanza ni barua ya msomaji mwenzetu iliyochapwa hapa majuzi. Alisema kukariri Biblia ni kazi ya watoto wa shule ya Jumapili, na kwamba mtu mzima mwenye simu mfukoni hana haja ya kujichosha kwa kuwa mstari wowote anaoutaka ataupata kwa kubonyeza tu. Aliongeza kwamba ukariri huzaa kasuku. La pili ni kile kisanduku chenu cha "Neno la Leo", ambacho mimi hukisoma kabla ya habari nyingine yoyote, na ambacho nina ombi juu yake. Ombi nitalitoa mwishoni. Kwanza nimjibu ndugu yangu.

Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku, kazi niliyoifanya sehemu kubwa ya utu uzima wangu. Tukiwa lindoni haturuhusiwi kushika simu. Ni kanuni ya haki, maana mwanga wa simu humharibia mlinzi macho yaliyokwisha kuzoea giza, tena humwonyesha mwenye nia mbaya mahali mlinzi alipo. Kitabu nacho hakisomeki gizani. Kwa hiyo tangu ninapokabidhiwa lindo jioni hadi ninapolikabidhi asubuhi, Neno la Mungu nililo nalo ni lile tu nililokuja nalo kifuani. Ndugu yetu anaposema simu inatosha, anawasahau watu wengi. Yuko mgonjwa aliyelala chali asiyeweza kuinua mkono, yuko dereva aliyeshika usukani, yuko mama anayebembeleza mtoto saa nane za usiku, wako wafungwa, wako wasioona. Na hata huyo mwenye simu, yako mambo humjia mtu ghafla kiasi kwamba hapati nafasi ya kutafuta chochote mahali popote.

Yona hakuwa na gombo tumboni mwa samaki. Soma sala yake katika sura ya pili ya kitabu chake uone ilivyosukwa kwa maneno ya Zaburi. Anaposema mawimbi na gharika zote za Mungu zimepita juu yake, anasema maneno yaliyomo katika Zaburi ya 42. Mariamu naye, binti wa kijijini, alipofika nyumbani kwa Elisabeti alitoa wimbo unaofuata nyayo za wimbo wa Hana katika 1 Samweli 2: wakuu wanashushwa, wanyonge wanainuliwa, wenye njaa wanashibishwa. Hakuna aliyemfungulia kitabu pale mlangoni. Na Bwana wetu mwenyewe, akiwa amepigiliwa misumari, alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22 na akaikabidhi roho yake kwa maneno ya Zaburi ya 31. Hawa wote walipobanwa, kilichotoka vinywani mwao ni kile kilichokuwa kimewekwa ndani siku nyingi kabla.

Kuhusu kasuku, sitamkatalia ndugu yangu moja kwa moja, kwa sababu hofu yake ina msingi. Yesu alimnukuu Isaya akawaambia Mafarisayo na waandishi, "Watu hawa huniheshimu kwa midomo, ila mioyo yao iko mbali nami." Wale walikuwa wanaijua torati kwa kichwa kuliko mimi na yeye tukiwekwa pamoja. Na wote tumewahi kuona mashindano ya watoto kanisani: mtoto anasimama mbele, anamwaga mistari kwa pumzi moja bila kumeza mate, wazazi wanapiga makofi, anapewa zawadi yake, na mwezi ujao ukimuuliza hana hata mmoja. Mtoto hana kosa. Tumemfundisha kwamba mstari ni wa kushindania, basi mashindano yakiisha naye anautua.

Lakini kuna mwingine tena aliyejua Maandiko kwa kichwa, na habari zake zinanifundisha zaidi. Katika Mathayo 4, Ibilisi anamweka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumsomea Zaburi ya 91: "Atakuagizia malaika zake, na mikononi mwao watakuchukua, usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe." Sisi walinzi zaburi hii tunaipenda sana, maana ndiyo inayosema hutaogopa hofu ya usiku. Sasa, mtu aliyeijua yote, tangu "Aketiye mahali pa siri pake Aliye juu," akisikia Ibilisi anavyoisoma atashtuka mara mbili. Kwanza pameachwa maneno "wakulinde katika njia zako zote". Zaburi inamzungumzia mtu aliye katika njia zake, anayekwenda alikotumwa, na anayejirusha kutoka kinarani hayuko njiani. Pili, msomaji yule amenyamaza mapema mno. Mstari unaofuata unasema, "Utawakanyaga simba na nyoka, mwana-simba na joka utawaseta kwa miguu." Yule joka wa zamani asingependa kuendelea hapo.

Anayejua kipande kimoja tu cha zaburi hiyo hawezi kushtuka, kwa kuwa kipande chenyewe kimenukuliwa vizuri. Hapo ndipo mimi na msomaji mwenzangu tunapoachana. Yeye anaona hatari ya ukasuku, anasema tuache. Mimi nasema tukariri zaidi, na tukariri kwa marefu.

Tazama Yesu alivyojibu. Majibu yake matatu yote yanatoka katika Kumbukumbu la Torati: 8:3, kisha 6:16, kisha 6:13. Ni sura zilizo jirani, hotuba moja ya Musa kwa watu waliokaa jangwani miaka 40, naye Yesu alikuwa ametoka kufunga jangwani siku 40. Hakuchukua mstari mmoja huku na mwingine kule kama mtu anayepekua orodha. Alikuwa anakaa ndani ya ile hotuba, anajua Musa alikuwa akimwambia nani na kwa nini. Na ndani ya hotuba hiyohiyo, sura ya 6, mna agizo lenyewe: "Na maneno haya ninayokuamuru leo, yatakuwa katika moyo wako." Baada yake yanatajwa mahali pa kuyasemea, nayo ni nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuondoka. Wala hapo hakuambiwa mtoto. Aliambiwa mzazi ayaweke kwanza moyoni mwake, ndipo awafundishe watoto kwa bidii. Siku hizi tumeligeuza agizo, watoto wanakariri na wazazi wanapiga picha.

Nirudi kwenye vipande. Mstari ninaousikia zaidi kuliko yote ni Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Nimeukuta umeandikwa kwenye magari, kwenye fulana za wachezaji, kwenye kadi za mtihani. Ni Neno la Mungu na nina furaha kuliona popote. Lakini mwambie anayelisema akupe mstari wa 12, utaona anavyokutazama. Paulo anasema pale, "Najua kudhiliwa, tena najua kufanikiwa," na kwamba amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Huyu ni mfungwa anayewashukuru watu waliomtumia msaada, na "mambo yote" anayoyaweza ni pamoja na njaa. Mtu aliyekosa kazi na ana mistari hiyo miwili pamoja ana kitu cha kumshika. Aliye na mmoja tu atadhani amedanganywa siku atakaposhindwa.

Vivyo hivyo Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya. Barua ile iliandikwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu wakapelekwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia kwamba miaka 70 itapita kwanza. Mtu mzima aliyeisikia barua ile siku ilipofika alijua kwamba atazikwa ugenini. Kabla ya hapo walikuwa wameambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji wa watesi wao. Ahadi haipungui ukiijua hivyo. Inaongezeka, kwa maana inamfikia hata yule ambaye mambo yake hayatanyooka mwaka huu wala mwaka kesho.

Sasa niseme kinachotokea mtu akichukua sura nzima, kwa kuwa hili halielezeki kwa hoja peke yake. Sura niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote ni Warumi 8, yenye mistari 39. Watu wengi wanaujua mwisho wake, ule wa "wala mauti, wala uzima". Jaribu kuusema bila kutazama. "Wala mauti, wala uzima" hukaa upesi kwa sababu vinakwenda wawili wawili. "Wala malaika, wala wenye mamlaka," wawili tena. "Wala yaliyopo, wala yatakayokuwapo," wawili. Ulimi umekwisha kushika mwendo, unatafuta jozi nyingine, na hapo Paulo anasema "wala wenye uwezo", peke yake, bila mwenzake! Kisha jozi inarudi, "wala yaliyo juu, wala yaliyo chini," na mwisho kiumbe kinginecho chote. Kila anayejifunza sura hii hukwama pale kwenye "wenye uwezo". Nami nimekuja kupapenda, kwa kuwa mkwamo humlazimisha mtu asimame aangalie. Wenye uwezo gani hao? Mlinzi anawajua, anawafungulia geti kila siku. Na nguvu za giza nazo zimo. Wote wametajwa peke yao katikati ya orodha, na wote wanashindwa kututenga.

Kuna jingine ambalo macho yangu hayakuwahi kuliona katika kusoma, ila ulimi ndio ulionionyesha. Nilipokuwa nikijifunza mstari ule, kila mara nilitaka kusema "wala yaliyopita, wala yaliyopo, wala yatakayokuwapo". Yaliyopita hayamo. Nilifungua Biblia asubuhi kuhakikisha, kweli hayamo. Lakini nikirudi mwanzo wa sura nakuta, "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu." Naamini habari ya yaliyopita ilikwisha kumalizwa pale mstari wa kwanza, hata Paulo hakuona haja ya kuyaweka tena kwenye orodha. Kwa anayetembea peke yake kando ya uzio usiku, ambaye mawazo yake yote hupenda kurudi kwenye miaka iliyopita, hilo si jambo dogo.

Hata Zaburi ya 23, tunayodhani tumeimaliza utotoni, ukiisema polepole inafunguka. Daudi anaanza kwa kumzungumzia Mungu: hunilaza, huniongoza, hunihuisha. Anapofika bonde la uvuli wa mauti anaacha kumzungumzia, anazungumza naye: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami." Tangu hapo ni "waandaa meza", "umenipaka mafuta". Anayeisoma kwa haraka haoni mahali anapogeuka. Anayeisema kwa kinywa chake mwenyewe anajikuta naye amegeuka.

Mwenzangu wa zamu ni kijana wa kutosha kuwa mwanangu, na si mtu wa kanisani. Jioni kabla taa hazijazimwa humpa karatasi yangu anishikie niseme, yeye afuatishe. Mwanzoni alikuwa ananionea huruma, anapitisha makosa. Siku hizi hanionei tena. "Mzee, umeruka," ananiambia. "Ni 'maana wale aliowajua tangu asili' kwanza, ndipo 'aliwachagua tangu asili'. Rudia." Narudia. Usiku mmoja tulipokutana kwenye kona ya nyuma katika doria, alinisimamisha akaniuliza, "Mzee, huyu aliyesema viumbe vyote vinaugua pamoja, alikuwa mgonjwa?" Tulizungumza muda mrefu, kila mmoja akiangalia upande wake wa uzio kama inavyotakiwa. Sikumhubiria chochote ambacho hakikuwa ndani ya sura. Sura yenyewe ilitosha, na alikuwa amekwisha kuishika sehemu kubwa kwa kunisikiliza tu.

Mtu anaweza kuuliza kama haya yote yanabadili mwenendo. Yanabadili, ila kwa namna yake. Getini kwetu kila gari linaloingia usiku lazima liandikwe kwenye kitabu: namba, saa, jina la dereva, anakokwenda. Dereva mmoja aliyechoka alinitukana matusi ya nguoni kwa sababu nilikuwa naandika taratibu, mvua ikimlowesha mkono aliokuwa ameutoa dirishani. Matusi yake yalimgusa mama yangu. Jibu nilikuwa nalo tayari, kali kuliko lake. Kabla halijatoka likaja la Yakobo ambalo nilikuwa nikijifunza wiki ile: "Kila mtu na awe mwepesi wa kusikia, bali si mwepesi wa kusema, wala kukasirika, kwa maana hasira ya mwanadamu haitendi haki ya Mungu." Nilimaliza kuandika, nikamfungulia, nikamtakia usiku mwema. Sikuwa na upole wowote moyoni wakati ule, ila Neno lilifika mdomoni kwanza, likalizuia lile lingine. "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi," ndivyo asemavyo mwenye Zaburi ya 119, na nadhani alimaanisha mambo ya kawaida kama hayo ya getini.

Tena zaburi hiyo ya 119, ndefu kuliko zote, yenye mistari 176, imeundwa kwa namna inayosaidia kukariri. Ina mafungu 22, sawasawa na herufi za Kiebrania, kila fungu mistari minane, na mistari yote minane ya fungu huanza na herufi moja. Nadhani aliyeitunga alijua watu wake hawatakuwa na magombo nyumbani. Kanisa nalo lilifuata njia hiyo kwa karne nyingi. Mchungaji wetu aliwahi kuniazima kitabu cha historia ya kanisa, nikakuta humo habari za Antoni wa Misri, ambaye Athanasio anaandika kwamba alisikiliza masomo kwa makini hata kumbukumbu yake ikawa badala ya vitabu. Katika nyumba za watawa za Pakomio, karne ya 4, kanuni ilitaka kila anayekaa humo ashike moyoni walau Agano Jipya na Zaburi. Yuko Didimo wa Aleksandria, aliyepoteza macho akiwa mtoto wa miaka kama minne, akawa mwalimu mkubwa wa Maandiko, na Jerome, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alikuwa mmoja wa waliokwenda kumsikiliza. Na Mtaguso wa pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, uliamua kwamba asiyeijua Zaburi yote asifanywe askofu, wala isitoshe yeye kusema tu anaijua, bali apimwe. Ukariri kwao haukuwa kazi ya watoto tu.

Najua wengi watasema kichwa kimechoka, umri umekwenda. Umri wangu nami umekwenda. Nawaambia nifanyavyo, mwenye njia bora atanisahihisha. Nachagua sura au zaburi, sichagui mstari. Naisoma yote mara nyingi kwa siku kadhaa kabla ya kujaribu kushika chochote, mpaka nijue inaanzia wapi na inakwenda wapi. Ndipo naandika mistari miwili au mitatu kwa mkono wangu kwenye karatasi ya kuingia mfuko wa shati. Kuandika kwa mkono ni muhimu, usimwombe mtoto akuandikie. Naisema kwa sauti ya kusikika, kwa sababu sikio nalo linajifunza. Kesho yake sianzi na mpya. Naanza mwanzo wa sura nije mpaka nilipoishia, na mpya inashonwa pale. Natumia Biblia ile ya Union Version ya 1952, kwa kuwa ndiyo niliyoisikia tangu utoto na ina mwendo unaosaidia kumbukumbu. Mwenye Habari Njema na atumie hiyo, ila ashike moja asiwe na mbili kwa wakati mmoja, zitapigana.

Kitu ambacho watu wengi hukiacha ni kurudia yale ya zamani. Binti yangu anasomea ualimu, naye alinieleza habari za Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapa kitabu mwaka 1885 baada ya kujipima mwenyewe jinsi anavyosahau. Aligundua kwamba kusahau hutokea kwa kasi sana saa za mwanzo na siku za mwanzo, kisha hupungua. Na kwamba anayerudia kwa kuachanisha siku hufaidika kuliko anayerudia mfululizo kwa mkao mmoja. Walinzi tulikuwa tunalijua hilo bila kulipa jina. Mstari wa jana unarudiwa leo, kesho, kisha wiki ijayo, kisha mwezi ujao, na mwishowe hauondoki. Na kurudia kwenyewe kuwe kwa kusema bila kutazama, ufungue karatasi pale tu umekwama kabisa. Anayesoma tena na tena macho yakiwa kwenye karatasi anajidanganya kuwa anajua.

Namba za mistari zisimkatishe mtu tamaa. Mitume hawakuzijua. Mistari ya Agano Jipya kama tuliyo nayo ilitiwa namba na mchapaji wa Ufaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Mwandishi wa Waebrania, anapotaka kunukuu Zaburi ya 8, anasema tu kwamba mtu mmoja ameshuhudia "mahali fulani". Mahali fulani! Nimeona mama mzee akinyamaza katika kipindi cha maombi kwa kuwa hajui ni sura ya ngapi, wakati maneno yenyewe alikuwa nayo yote, na vijana waliotaja sura na mstari bila kukosea hawakuweza kuyasema. Mwacheni aseme.

Viongozi wetu wa makanisa nawaomba jambo moja. Shule ya Jumapili iendelee kama ilivyo, lakini kusanyiko zima, kwaya, wazee, akina mama, akina baba na mchungaji mwenyewe, wachukue zaburi moja kwa robo mwaka na kuisema pamoja kabla ya mahubiri, bila kitabu. Wasifanye mashindano, wasitoe vyeti. Watoto wawaone wazazi wao wakikwama na kurudia. Na mwenye kushika haraka asiende mbele peke yake, asimame karibu na anayeshika polepole.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Kisanduku cha Neno la Leo kina mstari mmoja kila siku, na mstari wa leo hauhusiani na wa jana. Jumatatu tuko Mithali, Jumanne Ufunuo, Jumatano tumerudi Isaya. Nakushukuru kwa nafasi hiyo, maana magazeti mengi hayaitoi kabisa. Naomba tu mistari ifuatane. Chukueni zaburi fupi au kipande cha waraka, mkichape kwa zamu tangu mwanzo hadi mwisho, ili mwenye kukata kisanduku na kukiweka mfukoni awe na kitu kizima baada ya wiki.

Kama mtakubali, napendekeza muanze na Zaburi ya 121. Ina mistari minane na wiki ina siku saba, kwa hiyo siku moja ibebe miwili. Naomba iwe ya 1 na 2, siku ya Jumatatu, kwa sababu wa kwanza unaishia na swali, "Msaada wangu utatoka wapi?", na jibu liko katika wa pili. Msiache mtu alale na swali lile akisubiri gazeti la kesho. Iliyobaki ni sita, nayo inatosha siku sita.

Wako katika Kristo,
Msomaji wenu, mlinzi wa zamu ya usiku